Kumtazama Mtoto Kabla ya Kumhukumu

Mtoto akilia mgongoni sokoni, wengi husema upesi: “Huyu anadeka.” Je, tumemtazama kweli?

Mwaka 1954, kwa jirani zetu wa Uganda, alifika bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia. Hakuwaita watoto katika chumba cha majaribio. Aliwafuata nyumbani, katika vijiji vya karibu na Kampala: akina mama 26 na watoto wachanga 28. Kwa miezi ipatayo tisa aliwazuru kila majuma mawili, akitazama, akiuliza kwa njia ya mkalimani, na kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Aliona nini? Mtoto amtumainiye mama yake hutambaa mbali, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha huenda tena. Watoto 16 walimtumaini hivyo. 7 walilia sana hata mama akiwapo. 5 walikuwa bado hawajashikamana naye. Tena akina mama walioweza kueleza mengi juu ya watoto wao, wengi wao walikuwa na watoto watulivu.

Basi kabla ya kukemea, yafaa tutazame: mtoto hulia wakati gani, naye hutulizwa na nani?