Kisasi sokoni: muvi zinazouzika Ikonge na ile inayokosekana

Filamu tatu za The Equalizer, zilizotoka 2014, 2018 na 2023, ziliingiza kila moja takriban dola milioni 190 kwenye majumba ya sinema duniani. Ni nadra mteja kurudi dukani mara tatu na pesa zile zile mkononi. Soko la vituo vidogo kama Ikonge, kwenye barabara ya Chebilat hadi Chabera katika Kaunti ya Nyamira, halimo katika hesabu hiyo. Katika vituo vya namna hiyo nchini Kenya, muvi husafiri kwa flashi na vibanda vya video, na mara nyingi kinachoiuza ni sauti ya msimulizi kama DJ Afro, anayemfanya Denzel Washington aongee lugha ya mtaani. Msimulizi na mwenye kibanda hupata riziki. Mtayarishaji hapati kitu. Huo ni wizi, lakini naona hasara nyingine kubwa zaidi: rafu imejaa kisasi cha aina moja, na hadithi iliyo karibu na mnunuzi ni adimu.

Katika Death Wish ya 1974, Charles Bronson ni msanifu majengo wa New York ambaye mkewe ameuawa. Hawapati kamwe wauaji wale, basi hutoka usiku kuwapiga risasi wezi wowote. Brian Garfield, mwandishi wa riwaya ilikotoka filamu hiyo, alichukizwa kuona muuaji amekuwa shujaa, akaandika riwaya ya pili kujibu. Wenye filamu walifuata pesa, wakatoa nyingine nne hadi 1994. McCall wa The Equalizer huwapa wabaya nafasi ya kujirekebisha kabla hajawamaliza. John Wick hajali haki. Ameuliwa mbwa aliyeachiwa na marehemu mkewe, basi. Anayetaka mapigano yaliyopangwa kwa ustadi amchague Wick, na anayetaka kusumbuka moyoni amchague Bronson. Ila kwa wote watatu, steringi akipiga, aliyepigwa ni adui.

Gusii, eneo iliko Ikonge, inajua vinginevyo. Sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe, ilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania mapema miaka ya 1980, dhidi ya wezi wa ng'ombe. Kundi lililobeba jina hilo Gusii liliungwa mkono na watu waliochoka kuibiwa, kisha likashutumiwa kwa mauaji na kutoza watu fedha. Mwaka 2010 serikali ikalipiga marufuku pamoja na Chinkororo, kundi jingine la Gusii. Wala si makundi tu: kabla ya hapo, Mei 2008, umati huko Kisii uliwachoma moto watu 11 kwa kuwadhania wachawi. Mlinzi anayekosea, na jirani anayejua kwamba amekosea: hapo pana msisimko ambao McCall hana.

Watakaosema filamu ya mlinzi kama huyo itachochea umati wana hoja, kwa kuwa majeraha bado mabichi. Lakini anayechochea ni steringi asiyekosea, na huyo tayari anauzwa kila siku. Wengine watauliza pesa zitoke wapi. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na filamu zake zilitembezwa mkononi na waigizaji wenyewe. La kuigwa zaidi ni kwamba msimulizi yumo ndani ya filamu yenyewe. Yetu nayo itoke na sauti yake, toleo moja la Ekegusii na jingine la Kiswahili, msimulizi alipwe asilimia, na mwenye kibanda auziwe nakala siku ya kwanza, kwa bei asiyoona haja ya kuikwepa.