Ngoma Ikilia Sana: Kupima Kikomo cha Mapigo ya Ubao Mkuu wa Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Methali hii inaafiki kabisa suala la kuzidisha mapigo, yaani kuilazimisha tarakilishi itende kazi kwa kasi inayopita ile iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Hata hivyo, methali haisemi kilichopasuka ni ngozi au ni mzinga. Hilo ndilo swali la msingi kwa anayepima kikomo cha ubao mkuu.

Ubao mkuu hubeba kichakataji na kumbukumbu, na huvigawia viungo hivyo mapigo ya kazi. Kasi ya kichakataji ni zao la mapigo ya ubao na nambari iitwayo kizidishi. Tuchukue mfano wa Athlon XP 2500+ ya kampuni ya AMD, iliyotolewa mwaka wa 2003. Mapigo yake ni takriban megahezi 166.7 na kizidishi ni 11. Zao ni megahezi 1,833. Mapigo yakipandishwa hadi 200, kasi hufika 2,200, sawa na ya 3200+ iliyouzwa kwa bei ya juu zaidi mwaka uo huo. Kishawishi ni dhahiri.

Iwapo tarakilishi itakwama mapigo yakifika 215, je, ubao umefika kikomo? La hasha. Ubao, kichakataji na kumbukumbu vimepanda pamoja, na yeyote kati ya watatu hao aweza kuwa mkosa. Sharti watenganishwe. Kwanza, kizidishi hupunguzwa: 8 kwa 220 ni 1,760 tu, kwa hivyo kichakataji hakishukiwi tena. Pili, kumbukumbu za DDR400, zilizoidhinishwa kwa megahezi 200, huwekewa uwiano wa chini kuliko ubao. Tatu, mapigo huongezwa hatua kwa hatua, megahezi chache kila mara. Aidha, katika mbao nyingi za awali mapigo ya njia ya PCI yalipanda sambamba na ya ubao, na diski zikaweza kukosea mapema. Mbao za nForce2, kama vile Abit NF7-S, ziliweza kuyatenga.

Ieleweke kwamba kuwaka si ithibati. Tarakilishi huweza kuwaka vyema na bado ikakosea hesabu kimyakimya. Kosa hilo likiandikwa kwenye diski, tasnifu ya miaka miwili huharibika bila mwenyewe kujua. Ndiyo sababu kila hatua hupimwa kwa saa kadhaa kwa programu za Memtest86 na Prime95, huku nakala za kazi zikihifadhiwa kwingine. Kuongeza volti nako kuna gharama: nyongeza ya asilimia 10 huzidisha nishati itumiwayo na kichakataji kwa takriban asilimia 21, na nishati hiyo hugeuka joto.

Basi kikomo cha ubao ni mapigo ya juu kabisa yaliyofaulu majaribio yote ilhali viungo vingine havishukiwi. Kwa matumizi ya kila siku, busara ni kushuka hatua moja chini yake.