Wakati wa mlipuko, kwa nini tunatuma habari za afya ambazo hatujazihakiki?

Saa nne usiku simu inalia. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yako aliyebaki Bukavu, naye ameupata kwenye kikundi cha kanisa. Mtu anayejiita daktari anasema ugonjwa umeshafika, dawa yake iko jikoni kwako, na hospitalini hawataki ujue. Mwishoni anaomba: tuma kwa wote unaowapenda. Wewe huna hakika kama ni kweli. Lakini mama yako ana pumu, na watoto wa kaka yako wako makazi mengine. Unabonyeza, unatuma.

Wengi wetu tulifanya hivyo mwaka 2020, korona ilipoingia katika nchi tunazoishi. Wengine walifanya hivyo tena mwaka 2024, mpox ilipovuka kutoka Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mara nyingi wanaotuma huitwa wajinga au waongo. Wapo waongo, hasa wanaouza dawa za uongo. Lakini wengi wanaotuma wanawajali wale wanaowatumia, na tukilijua hilo tutaweza kusaidiana vizuri zaidi.

Kutuma ni njia ya kujali

Mwishoni mwa Machi 2020, katika sehemu za Kenya, watu waliamshwa usiku na simu za ndugu zao. Waliambiwa kuna mtoto mchanga aliyezaliwa na kusema: kila mtu anywe chai ya rangi kabla ya jua kuchomoza, na korona haitampata. Watu waliwasha moto usiku, wakachemsha maji, wakawaamsha watoto.

Fikiria hesabu aliyoifanya yule aliyepiga simu. Chai ni rahisi kupatikana. Kama habari ni ya uongo, atakuwa amepoteza kikombe kimoja na usingizi kidogo. Kama ni ya kweli naye akanyamaza, atabaki na lawama maisha yote. Ukiwa mbali na familia, huwezi kwenda kumshika mama mkono au kumpeleka hospitali. Unachoweza ni kutuma ujumbe.

Hatujiulizi kama ni kweli

Mwaka 2020 watafiti waliwaonyesha Wamarekani zaidi ya 1,700 vichwa vya habari kuhusu korona, vingine vya kweli na vingine vya uongo. Walipoulizwa kama habari ni ya kweli, watu waliweza kutofautisha kwa kiasi kizuri. Walipoulizwa kama wangeituma kwa wengine, tofauti ile karibu ipotee. Walioombwa kwanza kukadiria ukweli wa kichwa kimoja tu cha habari, kisicho hata cha korona, walichagua vizuri zaidi cha kutuma.

Maana yake ni hii: uwezo wa kupima tunao, ila wakati wa kutuma tunafikiria mambo mengine. Je, itawasaidia? Itawashtua? Wengine wameshaiona? Swali la ukweli linasahaulika, hasa pale hofu inapokuwa kubwa na ujumbe unapodai utumwe sasa hivi.

Majibu yanapokosekana

Uvumi hupata nafasi pale ambapo hakuna jibu. Machi 2020 Uganda ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko, ikiwemo ibada. Kwa mkimbizi, hapo ndipo habari zilipokuwa zikipimwa: kwenye mkutano wa bloku, baada ya misa, kwenye foleni ya mgao. Mahali pa kumuuliza mtu unayemjua palifungwa, simu ikabaki.

Na simu yenyewe ilikuwa na gharama. Wakati huo mtumiaji wa mitandao ya kijamii Uganda alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, mbali na bando. Mtu mwenye bando la WhatsApp peke yake anapokea ujumbe wa sauti bila shida, lakini hawezi kufungua tovuti ya Wizara ya Afya ili kuhakiki. Ujumbe huo pia huwa katika Kiswahili cha nyumbani, huku bango la kituo cha afya mara nyingi likiwa la Kiingereza.

Pia kuna wakati majibu ya serikali hayafanani. Machi 10, 2021 Uganda ilianza kutoa chanjo ya AstraZeneca. Siku chache baadaye Kongo iliahirisha kuanza kuitoa chanjo hiyo hiyo, kwa sababu nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zinachunguza taarifa za damu kuganda. Kongo ilianza kuchanja Aprili 19. Familia yenye watu pande zote mbili za mpaka ilisikia upande mmoja ukisema "njooni" na mwingine ukisema "subirini". Tatizo la damu kuganda lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa nadra sana, na Shirika la Afya Duniani lilisema faida ya chanjo ni kubwa kuliko hatari yake. Uvumi uliosema "chanjo inaua" ulichukua punje ya ukweli na kuificha sehemu iliyobaki.

Imani iliyovunjika

Waliotoka Beni na Butembo wanalijua hili tangu kabla ya korona. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, watu walikuwa wameshachoka na miaka ya mauaji. Walijiuliza: kwa nini hawa wageni wenye magari hawakuja tulipokuwa tunachinjwa? Mwezi uliofuata watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji hiyo miwili. Zaidi ya robo yao walisema Ebola haipo. Wasiowaamini viongozi ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo au kwenda kutibiwa. Desemba mwaka huo uchaguzi wa rais uliahirishwa katika maeneo hayo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na waliokuwa wakisema ni ugonjwa wa siasa wakaona wamepata ushahidi. Mlipuko huo ulipomalizika Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Jambo kama hilo hutokea makazini. Aprili 2020 mgao wa chakula wa wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Si rahisi kwa mtu aliyepunguziwa chakula kuamini haraka kwamba anayemletea sabuni na barakoa anamtakia mema. Asipomwamini mwenye bango, atamwamini dada yake.

Madhara yake

Si kila ujumbe ni kikombe cha chai. Nchini Iran, mwaka 2020, mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, baada ya uvumi kwamba pombe inaua korona. Kwetu madhara mara nyingi ni ya polepole: mgonjwa anajifukiza mvuke kwa siku tano nyumbani huku pumzi ikipungua, mtoto anakosa hata chanjo za kawaida kama ya surua, mhudumu wa afya anafungiwa mlango.

Tufanye nini?

Kabla ya kutuma, jiulize mambo matatu. Nani alisema haya, kwa jina na mahali anapofanya kazi? "Daktari mmoja" si jibu. Je, ujumbe unanikataza kwenda kituo cha afya au kuacha dawa? Kama ndiyo, usiutume. Je, naweza kusubiri hadi kesho nimuulize mhudumu wa afya wa kijiji?

Kwenye WhatsApp, angalia mishale. Ujumbe wenye mishale miwili pamoja umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutumwa kwa zaidi ya kikundi au mtu mmoja kwa wakati mmoja. Alama hiyo haisemi kwamba ni uongo, ila anayekutumia huenda hamjui aliyeuanzisha.

Mkubwa wako akituma jambo lisilo sahihi, usimwaibishe mbele ya kikundi. Unaweza kumwandikia peke yake: "Mama, asante kwa kutukumbuka. Nimeuliza kituo cha afya, wamesema hivi. Tunaweza kuwaambia na wengine?" Akilirekebisha mwenyewe, watu watamsikiliza kuliko wewe. Na kama ni wewe uliyetuma, rudi kwenye kikundi kile kile useme: "Ile ya jana nimeuliza, si kweli." Wengi wanaogopa kufanya hivyo, lakini kurekebisha hakukuvunjii heshima.

Kwa viongozi wa bloku, wachungaji, maimamu na mashirika: msisubiri hadi muwe na majibu yote. Semeni mapema mnachokijua, semeni msichokijua, na lini mtarudi. Semeni kwa ujumbe mfupi wa sauti, katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali au lugha nyingine ya watu wa hapo, mkitaja majina yenu. Wenyeji na wakimbizi hutumia visima, masoko na vituo vya afya vile vile, kwa hiyo ujumbe uwe mmoja kwa wote.

Dada yako wa Bukavu atatuma tena siku nyingine. Mshukuru, muulize aliupata kwa nani, na umwambie utamjibu kesho ukishauliza.