Bekereli moja, siku nzima: gharama ya kupima mionzi midogo

Anayesafirisha kahawa, korosho au dagaa kutoka Tanzania hawezi kukwepa cheti cha mionzi. Cheti hicho hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), yenye makao makuu Njiro, Arusha. Wafanyabiashara wengi wanakiona kama karatasi nyingine ya kulipia njiani. Lakini nyuma ya karatasi hiyo kuna kazi ya kiufundi ambayo gharama yake kubwa ni muda, na asiyeujua muda huo hawezi kujua kama alicholipia kina thamani.

Hesabu yenyewe inaeleweka. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Miongozo ya Codex, ambayo nchi nyingi huitumia katika biashara ya chakula, inaruhusu hadi bekereli 1,000 za sesiamu kwa kilo. Chukua kilo moja ya chakula iliyofika kwenye kikomo hicho, uiweke juu ya kigunduzi cha jemaniamu kinachonasa takriban miale 2 kati ya kila 100 inayotoka. Ndani ya dakika moja kifaa kitakuwa kimehesabu miale kama 1,000. Jibu limepatikana, mzigo unaweza kuondoka.

Sasa chukua kilo yenye bekereli 1 tu. Kwa saa nzima kifaa kilekile kitanasa miale kama 60. Atomu huvunjika kwa bahati nasibu, hivyo 60 hiyo inaweza kupanda au kushuka kwa 8 hivi, yaani asilimia 13, na hapo bado hujaondoa mionzi ya mazingira. Ukiacha sampuli saa 24, utapata miale karibu 1,470, na kuyumba huko kunashuka chini ya asilimia 3. Mashine iliyonunuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola imehudumia mteja mmoja kwa siku.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi wa kipimo ni: unataka kujua nini? Kuthibitisha kwamba chakula kiko chini ya kikomo cha Codex ni kazi ya dakika. Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, iliweka kikomo cha bekereli 100 kwa kilo kwa vyakula vya kawaida kuanzia Aprili 2012, na 50 kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga. Kadiri soko linavyokaza masharti, ndivyo foleni ya maabara inavyorefuka.

Muda peke yake hautoshi. Sampuli hukaushwa, husagwa, hupimwa uzito, kisha hujazwa kwenye chombo cha plastiki chenye shimo chini ili kikivalie kichwa cha kigunduzi. Chote huzungushiwa ukuta wa risasi wa unene wa sentimita 10 hivi, kwa sababu saruji ya jengo ina mionzi yake, na hata mtaalamu aliyesimama kando ana bekereli 4,000 hivi za potasiamu mwilini. Risasi nayo si safi: risasi mpya hubeba risasi-210, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22. Ndiyo maana wanafizikia wa Italia walitumia risasi iliyoopolewa kwenye meli ya Kirumi iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 iliyopita.

Anayetafuta radiamu katika udongo hufunga chombo kisivuje, akasubiri wiki tatu hadi nne ili gesi ya radoni ijikusanye na kutulia. Na majani ya chai, ambayo ni mepesi, hayapimwi kwa urekebishaji uliofanywa kwa mchanga, kwa kuwa mchanga humeza miale mingi zaidi. Maabara inayoruka hatua hizi itatoa namba nzuri, tena kwa bei nafuu, na namba hiyo itakuwa ya uongo.

Vifaa navyo vina siasa zake. Fuwele ya jemaniamu hufanya kazi ikiwa kwenye baridi kali, kwa kawaida ya naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. China, mzalishaji mkubwa wa madini hayo, ilianza kudai leseni za kuyauza nje Agosti 2023. Kwa maabara zetu hiyo ni sababu ya kutunza vigunduzi vilivyopo na kuhakikisha umeme na naitrojeni havikatiki.

Mwaka 1968 mkemia wa Marekani Lloyd Currie alionyesha jinsi ya kukokotoa kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukigundua. Kukipunguza kwa nusu kunataka takriban mara nne ya muda. Hivyo cheti kinachosema tu "haijagunduliwa", bila kutaja kiwango hicho, hakijamwambia mnunuzi kitu. Sampuli iliyokaa dakika tano na iliyokaa siku nzima zote zinaweza kupewa neno hilohilo.

Uzito wa jambo hili unazidi bandari. Katika mgodi wa fosfeti wa Minjingu, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2000 vilionyesha zaidi ya bekereli 5,000 za radiamu kwa kilo ya mwamba. Wastani wa udongo duniani ni kama 35. Namtumbo, mkoani Ruvuma, mtambo wa majaribio wa urani wa Mto Mkuju ulizinduliwa Julai 2025. Watafiti walishachapisha mwaka 2013 vipimo vya udongo na maji ya kijiji jirani cha Likuyu. Kazi hiyo ipanuliwe sasa, visima na mito ipimwe misimu yote, kabla uzalishaji mkubwa haujaanza. Mgodi ukishachafua au ukisingiziwa kuchafua, hakuna fedha itakayonunua kipimo cha hali ya awali.

Nanyi mnaolipia vyeti, daini kuandikiwa mambo matatu: sampuli ilipimwa kwa muda gani, kiwango cha chini kinachogundulika ni kipi, na kosa la kipimo ni kiasi gani. Maabara iliyofanya kazi yake inayo majibu hayo tayari.