Mpira Unaoshika Difu

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, akiwa na Lofty Drews. Anayefufua 240Z leo huanza na rangi na injini. Mimi namsihi aanzie chini ya gari, kwenye mipira inayoshika difu.

Katika lori, difu limo ndani ya ekseli. Kwenye 240Z kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, hivyo difu limefungwa kwenye bodi: pua imekalia mauntingi ya mpira, na nyuma limeshikwa na chuma kilichopinda chenye bushi kila ncha. Ukiachia klachi katika gia ya kwanza, giaboksi na difu huzidisha nguvu ya mzunguko ya injini zaidi ya mara 9. Magurudumu yakisukumwa mbele, nyumba ya difu husukumwa kinyume, pua ikainuka. Mpira ukichoka, utasikia kishindo nyuma ya kiti kila ubadilipo gia.

Mpira uliopikwa na salfa, ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, una minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana: hunyumbuka, hurudi, na sehemu ya mtikisiko hugeuka joto. Oili huuvimbisha, ozoni ya hewani huupasua.

Kwa fundi wa Suguti, Musoma Vijijini, jambo hili si geni. RAV4 inayovuta kwa magurudumu yote 4 nayo difu lake la nyuma limeshikwa kwa bushi, na barabara ya changarawe huzikanda bila kupumzika. Bushi kuukuu itolewe kwa presi, isichomwe moto. Moshi wake ni sumu. Mpya iingie kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa oili. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, difu likae lenyewe, ndipo spana ifuate. Ukilivuta kwa bolti, mpira unaanza kazi ukiwa umeshapindwa.

Poliyurethani haiogopi oili na hudumu, lakini ni ngumu: mlio na mtikisiko huhamia kwenye bodi. Inafaa mashindano ya lami. Vipande vya tairi chakavu havifai popote, maana difu hukaa upande na kuumiza jointi za propela. Kwa barabara zetu nunua bushi za mpira, tena zibadilishe zote kwa pamoja. Mpya moja kati ya chakavu hubeba mzigo wa zote.