Je, Shahada Bado Yalipa? Zoezi la Ubaoni

Swali hili huulizwa mara kwa mara na wanachuo wa hapa Singida. Yafaa lifanywe zoezi la faida na hasara badala ya kujibiwa kwa hisia. Katika utumishi wa umma mwalimu wa cheti huanza ngazi ya TGTS B, wa stashahada C, na wa shahada D. Tofauti basi ipo, tuitafutie bei.

Tuseme tofauti ya mshahara ni sh. 150,000 kwa mwezi, na masomo ya miaka mitatu yamegharimu sh. 9,000,000. (Aliyeacha kazi aongeze mishahara aliyoikosa, wengi hulisahau fungu hili, nalo mara nyingi huipita ada.) Gharama hurudi baada ya miezi 60. Aliyehitimu na umri wa miaka 28 atavuna miaka 27 kabla ya kustaafu akiwa na 60. Aliyehitimu na 53 atavuna miwili tu.

Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika sh. 700,000 hukatwa sh. 105,000. Kwa hiyo katika ile nyongeza hubakiwa na sh. 45,000, na deni la sh. 9,000,000 humalizika baada ya miaka saba na zaidi.

Hayo yote husimama juu ya ajira. Zamani wahitimu wa ualimu walipangiwa vituo moja kwa moja; siku hizi huomba na kushindania nafasi. Wanachuo waiandike miezi ya kungoja upande wa gharama, kisha wakokotoe upya.