Injini ya Mtumba au Ovaholi: Hesabu ya Mwenye Land Cruiser Mjini Bunia

Injini ya gari ikichoka, kuna njia mbili za kulirudisha barabarani. Ya kwanza ni ovaholi: injini hufunguliwa yote, kila sehemu hupimwa, zilizolika huchongwa au hubadilishwa, kisha hufungwa upya. Ya pili ni kuitoa na kuweka injini ya mtumba, yaani iliyokwisha kutumika katika gari jingine, mara nyingi Japani au nchi za Ghuba. Mfano mzuri kwa Bunia, mashariki mwa Kongo, ni 1HZ ya Toyota Land Cruiser, dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Haina turbo, na pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta, hivyo fundi mwenye vipimo sahihi anaweza kuifungua na kuifunga mwenyewe.

Mazingira ya Bunia yana mchango wake katika kuzichosha injini. Mji uko mita 1,270 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaozuia hali hiyo kwa kuyaweka maji chini ya shinikizo; spring yake ikilegea, maji huchemka mapema, silinda hedi hupinda au kupasuka, na gasketi huungua. Vumbi la Barabara ya Taifa namba 27, inayotoka Komanda kupitia Bunia hadi Mahagi, hupenya kwenye chujio la hewa lililochanika na kusaga kuta za silinda kama msasa. Dizeli yenye maji nayo huharibu pampu na nozeli.

Si kila injini inayotoa moshi imekufa. Moshi mweusi mara nyingi ni dalili ya nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba, na tiba yake ni ndogo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hasa kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu kuchakaa. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi iliyoungua au ufa kwenye hedi. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, kompresheni ipimwe. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na katika 1HZ hewa hubanwa zaidi ya mara 22. Kipimo hufungwa kwenye tundu la hita plagi, silinda moja baada ya nyingine. Bunia, shinikizo la hewa liko chini ya lile la pwani kwa takriban asilimia 14, na kipimo nacho hushuka kwa kiasi hicho hicho. Basi fundi asihukumu kwa namba moja peke yake, bali alinganishe silinda zote sita. Sita zilizoshuka pamoja zinaonyesha uchakavu wa kawaida. Moja iliyoanguka peke yake inaonyesha ugonjwa wa mahali pamoja.

Ovaholi inawezekana pale bloku na kranki vinapokuwa bado na uhai. Silinda zilizolika hutobolewa upya na kupewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa nusu milimita. Kranki iliyokwaruzwa huchongwa kwa robo au nusu milimita na kuwekewa beringi nene zaidi. Kazi hii haikisiwi kwa macho. Shingo ya kranki iliyosuguliwa vizuri inaweza kung'aa kama kioo na bado ikawa imepoteza umbo. Fundi makini huibana kwa mikromita wima, kisha kwa ulalo, halafu hurudia upande wa pili wa shingo hiyo hiyo. Namba zikitofautiana, shingo imekuwa yai au imechongoka, na beringi mpya haitakaa juu yake. Hedi nayo huwekewa rula ya chuma iliyonyooka ili kuona kama imepinda, kisha hupimwa kwa shinikizo ndani ya maji ili nyufa zijionyeshe kwa mapovu.

Mwenye gari aulize mapema kazi ya kuchonga itafanywa wapi. Ikiwa mashine iko Kampala, kranki itavuka mpaka kwenda na kurudi, na muda huo ni sehemu ya gharama. Aulize pia asili ya vipuri, kwa kuwa beringi na ringi bandia huonekana sawa na halisi mpaka injini ibebe mzigo.

Injini ya mtumba ina mvuto wake: huja imekamilika, na gari linaweza kutembea baada ya siku chache. Nyingi hutoka Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama inayowafanya wengi waache magari ambayo bado yanatembea. Lakini neno "kutoka Japani" halimaanishi injini changa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliacha kuuzwa Japani mwaka 2004, na iliporudi mwaka 2014 ilikuwa na injini ya petroli. Hivyo 1HZ iliyotoka kwenye gari la namna hiyo la soko la Japani ina zaidi ya miaka 20. Zile za Ghuba zinaweza kuwa changa zaidi, ila zimeishi kwenye joto na mchanga.

Kabla ya kulipa, iwe katika soko la Kisekka jijini Kampala au Bunia kwenyewe, injini ikaguliwe ikiwa chini. Mng'ao wa nje si ushahidi, kwani mafuta ya taa na rangi hufuta alama zote za uvujaji. Mfuniko wa oili ufunguliwe: utando mzito wa rangi ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Kranki izungushwe kwa spana mizunguko miwili kamili, na mkono usikie kama kuna mahali inakwama. Sampo ikishushwa, chembe zinazometa ndani yake ni beringi zinazoliwa. Kama muuzaji anakubali, kompresheni ipimwe palepale, na dhamana iandikwe kwenye risiti.

Kulingana kwa jina hakutoshi. Injini nyingi za soko la Japani zina starta ya volti 24, wakati gari linaweza kuwa la volti 12. Sampo ya Land Cruiser ya mfululizo wa 80 haifanani na ya 70. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina flaiwili ya kushika klachi. Tofauti hizi hurekebishwa kwa kuhamisha sehemu za injini ya zamani, kwa hiyo injini ya zamani isiuzwe kabla mpya haijawaka. Namba iliyochongwa kwenye bloku nayo hubadilika. Risiti na hati za idara ya forodha (DGDA) zihifadhiwe pamoja na carte rose (kadi ya gari), maana bila hizo hakuna cha kuthibitisha kwamba injini si ya wizi.

Hesabu ya kweli hujumlisha mambo yote. Kwenye bei ya mtumba huongezwa usafiri, ushuru, mkanda wa taimingi mpya, sili, gasketi, oili na ufundi. Kwenye ovaholi huongezwa kuchonga, vipuri na siku za gari kulala. Bloku ikiwa imepasuka, au konrodi imeitoboa, mtumba ndiyo njia. Kranki na bloku zikiwa ndani ya vipimo vya kuchongwa, ovaholi iliyofanywa kwa mikromita ina faida zaidi, kwa sababu mwenye gari anajua kila kilichomo ndani. Kwa vyovyote vile, rejeta, mfuniko wake, pampu ya maji na chujio la hewa vitengenezwe kwanza. Injini iliyowekwa juu ya rejeta iliyoziba itakufa kama ile iliyoitangulia.